Barua kwa Baraka: usifute, zima

Sinza, Dar es Salaam
Jumamosi, 7 Machi 2026

Swahiba wangu Baraka,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, joto tu ndilo linatutesa, na masika bado yanatuchungulia kwa mbali. Nakuandikia baada ya futari, tumbo limejaa uji na magimbi, kwa hiyo ukikuta mahali nimeandika kivivu, sababu unaijua. Mwaka huu mfungo wetu na Kwaresima yenu vimeanza wiki moja. Wauza sato wa soko la Mwaloni, huko kwenu Mwanza, nadhani wanachekelea.

Ama baada ya salamu. Uliniuliza kwenye simu mbona siku hizi nikisaka kasoro siandiki console.log, ile amri ya JavaScript ya kuchapisha ujumbe kwenye skrini, nikakwambia nitakuandikia, ukacheka. Haya, ndiyo barua yenyewe.

Unaukumbuka mtindo wetu wa tangu chuo. Kitu kikigoma tunapachika console.log('hapa'), kisha 'hapa 2', kisha 'hapa kweli', na usiku ukishakuwa mkubwa yanaingia matusi. Kasoro ikipatikana tunafuta yote, tunajipongeza. Wiki mbili baadaye kasoro nyingine inazuka kwenye faili lilelile, tunapachika upya palepale tulipofuta. Miaka sita nimechimba na kufukia kisima kimoja. Kuna siku tusi moja nililisahau likaonekana kwenye skrini ya mteja, lakini hilo tutaongea uso kwa uso.

Kilichonibadilisha ni malipo ya mizigo. Unajua ofisini tuna mfumo wa vifurushi vya mabasi: mtu anampelekea mzigo wakala pale stendi ya Magufuli, Mbezi, analipa kwa simu, na mpokeaji mkoani anapata meseji. Mwezi uliopita yakaanza malalamiko. Mteja kalipa mara moja, mfumo umeandika malipo mawili, na mpokeaji kapata meseji mbili. Si kila siku, mara mbili au tatu kwa wiki. Kwenye laptopu yangu, kamwe.

Wote ofisini tukamshuku wakala, mama mmoja tunayemwita Mama Salha. Tukasema anabonyeza kitufe mara mbili mtandao ukizorota. Mimi ndiye niliyetumwa.

Kabla ya kwenda nikaweka ile maktaba (kazi iliyokwisha andikwa na wengine, sisi tunaichomeka tu) inayoitwa debug. Kwa kweli sikuiweka, ilikuwemo tayari, maana Express, ile maktaba ya kujengea seva, yenyewe inaitegemea. Aliyeianzisha ni TJ Holowaychuk, yuleyule aliyeanzisha Express. Ni kitu kidogo mno. Unaipa kila sehemu ya msimbo wako jina (sisemi "kodi", neno hilo hapa mjini lina mwenyewe, na tarehe moja anagonga mlango):

const debug = require('debug')('mizigo:malipo')

Halafu mahali ulipokuwa ukiandika console.log unaandika debug('taarifa imepokelewa %s', namba). Basi. Ukiendesha programu kama kawaida, kimya. Ukitaka kusikia, unaiwasha kwa kuitaja jina:

DEBUG=mizigo:malipo node seva.js

Fikiria Makumbusho saa kumi na mbili jioni. Makonda wote wanapiga kelele, huyu Mbagala, yule Gongo la Mboto, mwingine Tegeta, na wewe unayekwenda Mbagala sikio lako linachukua Mbagala tu. Yale majina ndiyo kazi yake hiyo. Ukiandika mizigo:* unasikia kila kinachoanza na mizigo. Ukiongeza mkato na kistari, kama mizigo:*,-mizigo:meseji, unamnyamazisha konda mmoja na kuwaacha wengine. Ila usije ukafanya nilichofanya siku ya kwanza, nikaandika DEBUG=* kwa tamaa ya kuona kila kitu. Express ilianza kunisimulia kila njia inayoipitia, na kila maktaba iliyomo humo ndani nayo ikadakia. Skrini ilikimbia kama filamu inayorudishwa nyuma.

Upande wa brauza hakuna kigeu cha DEBUG, ila maktaba ni ileile. Unafungua konsoli, lile dirisha la mafundi ndani ya brauza, unaandika localStorage.debug = 'mizigo:*', kisha unapakia ukurasa upya. Rahisi, nikajisemea ndani ya daladala la Mbezi. Nikafika, nikamsalimia Mama Salha, nikaketi kwenye kompyuta yake, nikaandika, nikapakia upya. Hakuna kitu. Nikaandika tena. Hakuna. Foleni ya wateja inarefuka nyuma yangu, na baba mmoja mwenye gunia la dagaa ananipumulia shingoni. Saa nzima, Baraka. Mwisho nikagundua kwamba kwenye brauza debug inaandika kwa console.debug, na Chrome huificha ngazi hiyo mpaka uchague 'Verbose' kwenye orodha ya ngazi hapo juu ya konsoli. Ujumbe wote ulikuwepo tangu mwanzo, mimi ndiye niliyefungiwa pazia. Ukisahau mengine yote niliyoandika humu, hilo likumbuke.

Pazia lilipofunguka, maajabu yake: Mama Salha habonyezi mara mbili. Kila mzigo, mbonyezo mmoja. Mbele ya kila ujumbe kuna jina lenye rangi yake, na mwisho wake kuna alama ya kujumlisha na muda uliopita tangu ujumbe wa mwisho wa jina hilo, kama +52s au +340ms (s ni sekunde, ms ni milisekunde). Nikamwangalia akihudumia watu wanane bila kosa. Nikamwomba radhi. Akasema, "Mwanangu, mimi nilijua, ila nyie wa kompyuta hamuulizi." Sikuwa na la kujibu.

Basi kesi ikahamia kwenye seva. Hapo nikajikwaa mara ya pili. Nikaelekeza maandishi ya programu kwenye faili kwa alama ya >, nikalala, asubuhi faili tupu. Kumbe debug haitumii njia ya kawaida ya matokeo, inatumia njia ya makosa, stderr. Unatakiwa kuandika 2>. Nikiifikiria naona ni busara: programu inayotoa majibu kwenye njia ya kawaida haichafuliwi na porojo za fundi. Lakini asubuhi ile sikuiona busara yoyote.

Usiku wa pili ukaniletea samaki. Jumanne ya tarehe 24 Februari, Mama Salha kanipigia: "Imetokea tena, saa mbili na robo usiku." Nikafungua faili, nikatafuta saa mbili. Hakuna. Nikatafuta saa ishirini na robo. Hakuna. Na zile +340ms nazo hazipo, kwa sababu debug ikiona haiandiki kwenye skrini bali kwenye faili, inaacha rangi na tofauti za muda, badala yake inaweka tarehe na saa kamili mwanzoni mwa kila mstari. Na saa hiyo ni ya kimataifa, iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Kwa hiyo saa mbili na robo ya Mama Salha ni 20:15 ya ukutani, na 20:15 ya ukutani ni 17:15 ya faili. Mswahili anayesoma faili la seva anavuka mito miwili. Nilipovuka:

2026-02-24T17:15:08.412Z mizigo:malipo taarifa imepokelewa 417
2026-02-24T17:15:08.453Z mizigo:malipo taarifa imepokelewa 417

Soma milisekunde. Arobaini na moja kati ya mstari na mstari. Hakuna kidole cha binadamu chenye kasi hiyo, si cha Mama Salha wala cha mcheza bao. Wanaotupitishia malipo walikuwa wanatugongea mlango mara mbili kwa muamala uleule. Hilo si dhambi, wengi wao hurudia taarifa ili isipotee. Dhambi ilikuwa yetu. Msimbo wetu uliuliza kwanza, "malipo haya yameshaandikwa?", ukijibiwa hapana, unaandika. Taarifa ya kwanza ikauliza, ikajibiwa hapana. Kabla haijaandika, ya pili nayo ikauliza, ikajibiwa hapana. Zote mbili zikaandika kwa nia njema kabisa. Kwenye laptopu yangu haikutokea kwa sababu taarifa za majaribio nilikuwa nazituma mwenyewe kwa mkono, moja moja. Dawa ilikuwa mstari mmoja kwenye hifadhidata: namba ya muamala isijirudie. Ya pili sasa inakataliwa mlangoni.

Nilipomaliza, kidole kikaenda chenyewe kufuta mistari ya debug. Nikajizuia. Ipo mpaka leo, imezimwa. Wiki iliyopita meseji zilipochelewa, sikugusa hata faili moja, nikawasha mizigo:meseji peke yake, dakika kumi nikajua. Ila kwenye seva lazima uanzishe programu upya, kwa sababu DEBUG husomwa mwanzoni tu.

Jambo moja linanikera kwa nafsi yangu. Katika pupa ile niliandika debug('%O', taarifa), ambayo inamwaga kitu kizima, mistari kwa mistari. Nzuri sana kwa macho, lakini ndani yake mlikuwa na majina na namba za simu za wateja, na mimi nikalitupa faili hilo kwenye kundi la WhatsApp la mafundi. Dada wa uhasibu, ambaye hajui JavaScript, ndiye aliyenikumbusha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Nikafuta, nikaona haya. Sasa naandika tarakimu tatu za mwisho za muamala tu, kama ulivyoona hapo juu. Na wewe huko kwenye mfumo wenu wa zahanati nakusihi uwe mkali kuliko mimi, maana namba ya mzigo ni ya mzigo, lakini jina la ugonjwa ni la mtu.

Na kabla hujaandika npm install (npm ndiyo ghala tunakoshusha maktaba hizi), angalia toleo. Tarehe 8 Septemba 2025 msimamizi wa maktaba hii alilaghaiwa kwa barua pepe iliyojifanya inatoka npm, wezi wakaingia kwa akaunti yake na kutoa debug 4.4.2 yenye sumu, pamoja na maktaba nyingine kadhaa kama chalk. Ilikuwa inavizia ndani ya brauza na kubadilisha anwani za sarafu za kidijitali. Iligunduliwa na kuondolewa ndani ya saa chache. Andika npm ls debug uone iliyopo kwenu. Utashangaa inavyojitokeza mara nyingi bila wewe kuialika.

Nimeandika sana na daku linakaribia. Msalimie mama, mwambie yale mashuka ya Kariakoo aliyoagiza nimeyapata, rangi ya zambarau haikuwepo, nimechukua ya maziwa. Mzigo nitaupeleka kesho asubuhi kwa Mama Salha, upande basi la Mwanza. Utapata meseji mzigo ukiingia ndani ya gari. Zikija mbili, nipigie usiku huohuo.

Ni mimi nduguyo,
Idrisa