Ngazi na mitaro inatufungia wazee ndani

Mhariri,

Nasoma gazeti lako miaka mingi na sijakuandikia hata siku moja. Leo imenibidi. Ile habari yako ya mji wa kisasa, yenye picha kubwa ya barabara mpya na taa zake, nimeisoma mara mbili nikimtafuta mzee ndani yake. Sikumuona. Nina miaka 74, naomba nafasi.

Nakaa Michenzani, hapa mjini Unguja, ghorofa ya nne. Majumba yale, ramani zilikuwa za wataalamu wa Ujerumani Mashariki, lakini jasho lilikuwa letu. Miaka ya 1970 nilikuwa kijana, tukienda kujitolea, nikibeba matofali mpaka mabega yakachubuka. Sijuti. Ila jengo letu halina lifti, na goti langu la kulia sasa halikunjiki. Kila ngazi ninayoshuka najua nitaipanda tena.

Jumanne iliyopita nilitoka kufuata dawa yangu ya presha. Daladala ikasimama mbali na ukingo wa barabara, na kikanyagio chake kikanifika karibu na goti. Nikashika chuma, nikajivuta, nikashindwa. Utingo akagonga bodi: "Mzee, kama huwezi kaa pembeni, tunachelewa!" Gari ikaondoka mkono wangu ungali kwenye chuma. Nikarudi nyuma hatua mbili, mguu ukazama kwenye mtaro ambao mfuniko wake wa zege umevunjika, na mtu kauchomekea tawi la mwembe liwe alama. Majani ya tawi lile yalikwisha kauka, Mhariri. Maana yake lilikuwepo siku nyingi, na wakubwa wanapita hapo kila asubuhi. Mama muuza maandazi ndiye aliyeniinua, akanifuta tope kwa kanga yake, akapindua ndoo yake nikakaa. Njia nzima ile, pahala pa mzee kukaa palikuwa ni ndoo ya mama yule. Dawa sikuifuata. Ijumaa msikitini sikwenda.

Na hili la kukaa linanikumbusha Mji Mkongwe. Wazee wetu walijenga baraza za mawe mbele ya nyumba, mpita njia akichoka anakaa, mvua ikinyesha na njia ikijaa maji anapita juu yake. Leo nyingi zimepangwa vinyago na picha za kuuzia watalii, na nyengine zimewekwa vyungu vya maua. Nilikaa kwenye moja mwaka jana, kijana wa duka akaniambia nimemzibia biashara. Mji umo katika urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Baraza nazo ni urithi, na urithi wa baraza ni kukaliwa.

Mambo haya si mageni. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa miji rafiki kwa wazee mwaka 2007, baada ya kuwasikiliza wazee wa miji 33, Nairobi ikiwemo. Waliyoyataja ni haya haya: njia za miguu, viti, vyoo, mabasi ya kupandika. Serikali yetu ya Zanzibar ilianza pensheni jamii mwaka 2016 kwa kila aliyefika miaka 70, na tunaishukuru kwa dhati. Lakini pesa hizo nazo zinataka mtu ashuke ngazi akazitumie.

Ninachoomba ni kidogo. Kila daladala ibebe kibao cha kukanyagia, kimo chake shubiri moja, utingo akiteremshe anapomuona mwenye mkongojo. Mitaro ifunikwe. Kutoka Darajani mpaka Mnazi Mmoja pawekwe viti vyenye mgongo na pa kushikia mkono, kila hatua mia moja, hatua za mzee. Mhandisi akitaka kuzipima hatua hizo, mimi niko tayari Jumamosi yoyote saa 2 asubuhi, kabla jua halijakuwa kali. Nitamsubiri chini ya jengo letu, ila aje kwa wakati, maana nikishapanda juu sishuki tena siku hiyo.

Mzee wa Michenzani,
Unguja