Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Manjano ya Watoto Wachanga Yanayopita Wiki Mbili

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitasemea jambo lililotuumiza zaidi mwaka huu: watoto wanaofikishwa hospitali wakiwa na miezi mitatu au minne, macho ya njano, tumbo limejaa, ini limeshakuwa gumu.

Mama zao wengi waliambiwa wawaoteshe jua. Manjano ya siku za mwanzo huisha yenyewe mara nyingi, ndiyo maana ushauri huo umezoeleka, lakini jua halizibui mirija ya nyongo. Mtoto akifikisha wiki mbili bado ana njano, apimwe bilirubini (rangi ya njano iliyo kwenye damu) ya jumla na ya dairekti, yaani ile ambayo ini limeshaichakata ili itoke na nyongo. Msikubali jibu la jumla peke yake. Dairekti ikizidi miligramu 1 kwa desilita, nyongo haipiti sawasawa, na chanzo kitafutwe siku hiyohiyo.

Vyanzo ni vingi: maambukizi ya damu au ya mkojo, kaswende kutoka kwa mama, upungufu wa homoni ya thairoidi, galaktosemia (ugonjwa wa kurithi ambao mwili hauwezi kutumia sukari ya maziwa). Kinachotukimbiza ni biliari atresia, yaani mirija ya nyongo kuziba, kwa sababu upasuaji alioubuni Morio Kasai wa Japani, wa kuunganisha utumbo na ini ili nyongo ipite, hufaulu zaidi kabla ya siku 60. Utrasaundi hupigwa mtoto akiwa hajanyonya kwa saa kama nne; hata hivyo, mfuko wa nyongo kuonekana hakumtoi mtoto hatarini. Mara nyingi hulazimu kuchukua kinyama cha ini, na uhakika wa mwisho hupatikana kwa picha ya mirija inayopigwa wakati wa upasuaji. Majibu yakisubiriwa apewe vitamini K, asije akavuja damu kichwani.

Kwetu huku Mbeya, baridi ya Juni na Julai hutufanya tuwafunike watoto gubigubi ndani ya nyumba, na njano haionekani. Basi tuangalie nepi: choo kilichopauka kama udongo mweupe, au mkojo unaotia doa la njano. Chanjo ya wiki ya 6 ni siku ya 42; dalili hizo zikigunduliwa hapo, bado muda upo kabla ya siku 60.

Taiwan waligawa kadi ya rangi za choo nchi nzima kuanzia 2004. Kamati inaomba idhini ya kuchapisha kadi kama hiyo kwa kliniki za Mbeya Mjini, Rungwe na Mbozi, pamoja na kutenga nauli ya wazazi wanaopewa rufaa. Naomba tulipigie kura kabla ya uchaguzi, wajumbe wa Makete na Chunya wakiwa bado hawajaondoka kuwahi mabasi.