Nina ajira serikalini, lakini roho yangu iko kwenye mizabibu ya marehemu baba. Nifanye nini?

Shikamoo Anti,

Nina miaka 38, ni mama wa watoto wawili, naishi Nzuguni hapa Dodoma. Ni mhasibu serikalini tangu Julai 2012. Barua hii nimekaa nayo kwenye simu wiki tatu, naandika nafuta, kwa sababu kila nikiisoma naona nalalamika bure wakati kuna vijana mtaani kwetu wamemaliza chuo miaka mingi, digrii ziko kabatini na wao wako kijiweni na bodaboda. Kwa hiyo niseme mapema: kazini sinyanyaswi, mume wangu ni mtu mwema, mshahara unaingia. Shida yangu ni nyingine na sijui nimpelekee nani.

Mimi ni mzaliwa wa Hombolo. Baba alikuwa mkulima wa zabibu, ekari mbili, na watoto wanne tumesomeshwa na ekari hizo mbili. Watu wa mikoa mingine huwa hawaamini nikiwaambia kwamba kwenye ukame huu wa kwetu mzabibu unazaa mara mbili kwa mwaka. Unavuna Februari na Machi, unaupumzisha, unapogoa, unavuna tena Agosti na Septemba. Ada zetu zilifuata kalenda hiyo hiyo. Mwalimu mkuu alikuwa anajua kwamba nyumba yetu inalipa baada ya mavuno, kabla ya hapo hata utume barua kumi hupati kitu.

Baba alitaka jambo moja tu kwangu: nisome nitoke shambani. Wenzangu wakipelekwa kupalilia, mimi naambiwa nibaki na daftari. Taa ya chemli ilikuwa yangu usiku. Nikasoma, nikapata mkopo wa Bodi, nikasomea uhasibu, nikaajiriwa Dar. Mwaka 2017 ofisi yetu ikahamia Dodoma. Wenzangu wengine walilia kuiacha Dar, wakawa wanauliza huko kwenye vumbi tutaishije. Mimi nilikuwa narudi nyumbani. Sasa hivi kituo changu ni Mtumba, Mji wa Serikali.

Kazi yangu naijua. Naingia kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, nahakiki madai, naangalia viambatisho, napitisha au narudisha. Mwezi Juni mwaka wa fedha unapofungwa tunatoka ofisini usiku, na siku zote nimekuwa wa mwisho kuzima kompyuta. Sijawahi kupitisha malipo ya mtu kwa kumwonea haya. Mwaka juzi Mei Mosi nilichaguliwa mfanyakazi hodari wa idara, nikapewa cheti na fedha kidogo. Nilifika nyumbani, nikakiweka cheti juu ya friji, nikaanza kumenya vitunguu. Mtoto wangu mkubwa akaniuliza, "Mama, hujafurahi?" Nikamwambia nimefurahi. Lakini Anti, nilijisachi ndani yangu, nikakuta patupu. Hata kuchukia sichukii. Ningekuwa naichukia hii kazi labda ingekuwa rahisi.

Sasa nikueleze kilichotokea.

Oktoba 2022 baba alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalala na maneno yakapotea, akabaki na sauti ambayo mama pekee ndiye aliyekuwa anaielewa. Mizabibu ilikuwa inasubiri kupogolewa. Kaka zangu mmoja yuko Mwanza, mwingine Dar, mdogo wetu ameolewa Singida. Aliyekuwa karibu ni mimi. Nikaenda Jumamosi kutafuta vibarua, nikapata wawili, mmoja hakutokea. Nikaona siku inapotea, nikachukua mkasi wa baba, ule ambao mpini wake aliufunga kwa mpira wa baiskeli, nikaingia kwenye mstari.

Baba tukamtoa, tukamweka kwenye kiti chini ya mwarobaini pembeni ya shamba, fimbo mkononi, mkono wa kushoto. Nikikata, nageuka kumwangalia. Kama nimekosea anatikisa kichwa na kunyoosha fimbo kwenye tawi ambalo nilipaswa kuliacha. Kupogoa mzabibu si kupunguza matawi hovyo, Anti. Unatafuta tawi lililokomaa, lenye rangi ya kahawia, unahesabu macho, yaani vile vichipukizi vidogo, kutoka kwenye shina, mawili tu, unakata juu kidogo ya jicho la pili, kwa mshazari, ili maji yasisimame juu ya kidonda. Ukiacha macho mengi utapata majani mengi na vichala vidogo. Ukikata sana unaudhoofisha mti. Kila mti una umbo lake, huwezi kukariri. Siku ile ya kwanza fimbo ya baba haikutulia. Nilitoka na malengelenge na nilikuwa nimemaliza mistari miwili.

Nikarudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Msimu mwingine ulipofika nilikuwa mstari wa tano au wa sita nikagundua kwamba muda mrefu sijaiona fimbo. Nikageuka nikidhani amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa ananiangalia na fimbo ameilaza mapajani. Nikakata tawi jingine huku namtazama, hakuinyanyua. Nikaendelea mpaka mwisho wa mstari bila kugeuka tena. Sijui nikueleze vipi nilichosikia siku ile. Cheti cha Mei Mosi sikukisikia popote mwilini. Hii niliisikia mpaka kwenye miguu.

Baba alifariki Mei 2024. Mimi nikaendelea kwenda.

Siku za wiki mume wangu ananiamsha, naomba dakika tano, naomba nyingine. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri niko macho bila kengele. Usiku watoto wakilala nasoma habari za ubwiri unga na ubwiri vinyoya, magonjwa ya ukungu ya mzabibu, lini upulize salfa na lini usipulize. Nimekwenda mpaka kituo cha utafiti cha Makutupora kuuliza habari za miche. Kule shambani wamama wa jirani wananipita njiani, "Mbukwenyi!", naitikia, tunasimama kuulizana habari za mchwa kwenye nguzo, na nakuta nusu saa imepita na sijagusa simu. Ofisini mtu akinisimamisha kwenye korido namjibu huku natembea.

Nawaza kuacha ajira nikalime, na usidhani sijapiga hesabu. Ndiyo kazi yangu. Nina daftari la shamba tangu 2022, kila kibarua, kila mfuko wa samadi, kila lita ya dizeli ya pampu. Msimu mmoja tulipata faida nzuri nikawa natembea kifua mbele. Msimu uliofuata mvua ilitupiga zabibu zikiwa zimeiva, ubwiri ukaingia, mnunuzi tuliyekuwa tunamtegemea akasema matangi yake yamejaa tusubiri. Zabibu haisubiri. Ikabidi tukamue wenyewe, tuuze mchuzi, yaani maji ya zabibu, kwa bei ya kutupa, na sehemu nyingine ikaozea kwenye kreti. Ukichukua misimu yote, ukaigawa kwa miezi, kinachobaki hakifiki nusu ya mshahara wangu. Hiyo ni kweli na sitaki kujidanganya.

Tena nina mkopo wa benki wa kujengea nyumba. Kinachoingia mfukoni kila mwezi ni ile theluthi ya mshahara ambayo sheria inakataza makato yasiiguse, na kidogo juu yake. Na kuna suala la mafao. Ili nistahili pensheni natakiwa niwe nimechangia miezi 180, nami nitaifikisha Julai 2027. Nikiandika barua ya kuacha kazi leo, nitakuwa sijaifikisha.

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Hajagomba, amesema tu, "Mke wangu, wikiendi ni zako, lakini watoto wanasoma kwa mshahara." Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilisoma kwa zabibu, nikanyamaza, maana najua pia mara ngapi nilirudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Mama ndiye aliyenivunja. Nilimweleza jikoni, anapika mlenda, nikidhani atafurahi kwamba shamba la mumewe lina mtu. Akaacha kukoroga. Akasema, "Baba yako aliinama miaka arobaini kwenye ile mizabibu ili wewe usiiname. Unataka nikamwambie nini?" Akageukia chungu. Hatujalizungumza tena.

Kwenye semina moja ya akina mama hapa mjini alikuja mhamasishaji, akatuambia kila mtu amezaliwa na kusudi lake, ukilijua acha kila kitu ulifuate, fedha zitakufuata zenyewe. Ukumbi ulipiga makofi. Mimi nilitoka nimechanganyikiwa zaidi, maana nimewaona Hombolo watu wanaoipenda zabibu kwa moyo wote, wanaijua kuliko mtu yeyote, na fedha hazijawafuata. Baba yangu alikuwa mmoja wao.

Lakini Anti, yote hayo, mkopo, pensheni, mume, mama, si ndiyo yananikosesha usingizi. Hayo ni mahesabu, na mahesabu nayaweza. Kinachonikosesha usingizi ni hiki: sijui kama naipenda kazi ile ya shamba au namlilia baba.

Mzabibu ukiukata wakati maji yanapanda, pale kwenye kidonda panatoka matone, moja moja, mpaka chini panalowa. Baba alipokuwa mzima alituambia mti unaolia ukikatwa ni mzima, usiolia ndio wa kuogopa. Msimu uliopita nilikata tawi, nikaona tone la kwanza, nikajikuta nimekaa chini kwenye vumbi nalia kwa sauti, vibarua wakaja mbio wakidhani nimejikata. Tangu siku hiyo najiuliza. Ile furaha ya Jumamosi, je, ni yangu? Au ni kwa kuwa pale ndipo mahali pekee ambapo bado naiona fimbo yake? Majonzi yakiisha, kama huwa yanaisha, je, nitaamka tena saa kumi na moja? Au nitabaki na ekari mbili, mkopo, na kazi niliyoiacha?

Na kinyume chake pia kinanitisha. Nitastaafu nikiwa na miaka 60. Imebaki miaka 22 ya kuhakiki viambatisho. Nikiwaza hivyo pumzi inakata.

Ningeweza kuendelea hivi hivi, wiki ofisini, Jumamosi Hombolo, na nisikusumbue. Lakini kaka zangu wanataka kuuza. Tangu serikali ihamie huku ardhi ya Dodoma imepanda, na amekuja dalali na mtu anayetaka kuling'oa shamba apime viwanja. Kaka wa Dar ana mtoto anaumwa na anahitaji fedha, siwezi kumlaumu. Wameniambia kama nalitaka ninunue sehemu zao, au nikubali liuzwe. Ili ninunue ni lazima nikope tena, na nikikopa tena nitakuwa nimefungwa kwenye kiti cha ofisi mpaka nizeeke, kwa ajili ya shamba ambalo sitapata nafasi ya kulilima. Mzabibu ukitunzwa vizuri unazaa miaka mingi sana. Ukishang'olewa, kupanda upya na kusubiri mavuno ya maana ni miaka.

Naomba unisaidie kwa haya. Mtu anatofautishaje kitu anachokipenda na kitu anachokililia? Kuna kipimo, kuna muda wa kusubiri? Je, niwaombe kaka zangu wanisubiri hadi Julai 2027, niwalipe kodi ya sehemu zao kwa msimu, au ni kuwatesa watu wenye shida zao? Na mama nimwambie nini? Nikimtii naona nalizika shamba, nikimkatalia naona namdharau baba kwa jambo alilolitolea jasho lake lote.

Kikao cha familia ni Desemba 27, wote watakuwa wamekuja kwa Krismasi. Wasomaji wenzangu waliopitia haya, hasa walioacha ajira wakaenda shambani na hasa waliojuta, naomba waandike pia, nitasoma kila neno. Mkasi wa baba nimeupeleka kwa fundi hapa Majengo akaunoe. Jumamosi hii tunaanza kupogoa.

Ni mimi msomaji wako,
Nzuguni, Dodoma