Kikopo cha mkojo bila maelekezo kinatuumiza wanawake

Mhariri,

Nimefanya kazi ya maabara hapa Morogoro mpaka nilipostaafu, na jambo linaloniuma hadi leo ni kikopo cha mkojo. Mama anapewa kikopo dirishani, anaoneshwa choo, basi. Haambiwi ajisafishe kwanza kwa maji, aachie mkojo wa mwanzo upite, akinge wa katikati, kisha akirudishe mapema. Mkojo ukikaa saa kadhaa kwenye joto, bakteria wanazaana humohumo.

Kwenye hadubini, chembe bapa za ngozi zikijaa, najua sampuli imechafuka: hata chembe za usaha ninazoziona huenda zimetoka ukeni, si kwenye kibofu. Hapo mgonjwa hurudishwa akachukue upya. Lakini foleni ikiwa ndefu, wengi hawarudishwi. Karatasi inaandikwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, dozi inaanza.

Wifi yangu alimeza antibiotiki ya siprofloksasini kwa mtindo huo, dozi baada ya dozi. Kumbe mkojo haukuwa ukimbana wala kumchoma. Alikuwa anawashwa na kutokwa uchafu mweupe mzito. Zilikuwa fangasi, na antibiotiki huwa zinazichochea. Hakuna aliyemuuliza.

UTI ya kibofu ina dalili zake: mkojo unachoma, unabana kila mara, unatoka kidogo kidogo. Mwanamke asiye mjamzito mwenye dalili hizo, na hatokwi uchafu, daktari anaweza kumtibu bila kusubiri vipimo vingi. Antibiotiki ya nitrofurantoini ya siku 5 mara nyingi inatosha. Akiwa na homa, anatapika, ubavu unauma, huenda figo zimeguswa, aende hospitali siku hiyohiyo. Mjamzito apimwe mkojo hata kama hajisikii chochote. (Na tuache kuvilaumu vyoo vya shule kwa UTI: wadudu wengi wa UTI ni bakteria E. coli wa utumbo wetu wenyewe, na njia ya mkojo ya mwanamke ina kama sentimita 4 tu.)

Ninaziomba zahanati zibandike maelekezo ya kuchukua mkojo mlangoni mwa choo, kwa Kiswahili na kwa picha. Na wewe mama, ukiambiwa una UTI tena muda mfupi baada ya kumaliza dozi, kabla ya kupokea vidonge vingine omba mkojo wako uoteshwe, yaani bakteria waliomo wakuzwe maabara ili watambulike. Majibu huchukua siku mbili tatu, lakini yanataja mdudu na dawa inayomuua.

Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Kihonda, Morogoro