Mwanangu, kabla hujaenda Omaha mpigie kaka yako

Mwanangu,

Nakuandikia manake kwenye simu unaniwahi na "sawa mama, sawa mama" halafu nasikia umeshaanza kuongea na mtu mwingine. Hii utaisoma mwenyewe taratibu, na ningependa uisome leo, usiniwekee mpaka ukae kwenye ndege, kwa sababu ninachotaka ukifanye ni cha kabla hujaondoka Jumapili kwenda kwenye kazi yako mpya Omaha. Mpigie kaka yako. Nimesema mpigie, usimtumie meseji ya maneno mawili.

Yale ya siku ya Idd unayajua na yeye anayajua, siyarudii hapa, na nani alianza sitaki hata kusikia.

Juzi nilikuwa nafagia chumba chako nikakuta ile ripoti yako ya chuo ya daraja la Relay, ile uliyopata A nikaibandika kwenye friji mpaka ikaingia mafuta. Safari hii nimeisoma yote, zamani nilikuwa naangalia picha tu na jina lako pale juu. Unajua mimi asubuhi nikipanda treni ya MARC pale stesheni ya Camden hapa Baltimore kwenda kazini Laurel, ikishatoka St. Denis tu tuko juu ya daraja lile, Thomas Viaduct, na kwa vile limepinda ukikaa dirishani unaiona treni yenyewe inakata kona juu ya mto Patapsco. Miaka yote napita pale nimelala. Sasa nimejua kumbe yale ni matao 8 ya mawe, urefu futi 612, yamekamilika 1835 wakati injini za treni zilikuwa vitu vya tani chache, na leo mizigo yote ile mizito inapita juu yake kila siku. Watu wakamcheka injinia, Benjamin Latrobe, wakaliita upuuzi wa Latrobe, eti mawe kwenye kona hayatashika. Mafuriko ya 1868 yakaja yakabomoa viwanda na madaraja kibao bonde lile, lenyewe likabaki.

Nikasema huyu mwanangu ana akili jamani. Ila nikahesabu, kurasa na kurasa za Ben Latrobe, za mawe yake na kona yake, na kuhusu John kaka yake umeandika sentensi moja. Moja tu, tena ya kusema alikuwa wakili. Nikaenda kuwauliza wale wa makumbusho ya reli pale Pratt Street, nilikwenda na mtoto wa kaka yako kuangalia vichwa vya treni, nikarudi na mambo ambayo wewe hukuyaona ya maana.

Baba yao alikuwa msanifu majengo mkubwa, ndiye aliyesimamia ujenzi wa Bunge kule Washington, na lile kanisa la Katoliki la Cathedral Street ni lake, na bado mwaka 1817 akafilisika. Mwaka huo huo mwanawe mkubwa Henry, wa mama mwingine, akafa kwa homa ya manjano New Orleans akiwa kwenye kazi ya baba yake ya kuleta maji mjini. Mzee akaenda mwenyewe kuimalizia ile kazi, 1820 homa ile ile ikamchukua mji ule ule. Hapo nilikaa chini kwenye benchi. Mjane amebaki na watoto, John miaka 17, Ben 13, na pesa hakuna.

John alikuwa West Point, chuo cha jeshi, anasomea uinjinia. Akaacha kabla ya kumaliza, akarudi Baltimore akaingia ofisi ya wakili kujifunza sheria ili nyumba isimame. Ben naye akasomea sheria. Halafu tazama walivyogeuzana, yule wa uinjinia akawa wakili wa reli ya Baltimore and Ohio, na yule wa sheria akaingia reli hiyo hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1830, 1842 akawa injinia mkuu, na mwisho wa 1852 reli ikawa imevuka milima ya Allegheny na kufika Wheeling kwenye mto Ohio, handaki moja tu la njia hiyo, la Kingwood, lilikuwa na futi zaidi ya 4,000. Sasa wewe uliyesoma niambie, kijana wa sheria ambaye hajajenga hata choo anaingiaje kampuni ya reli ambayo kaka yake ndiye wakili wake? Mimi sihitaji karatasi ya kunithibitishia. Kaka alifungua mdomo.

Umeshaelewa ninakoelekea, usininunie. Kaka yako aliacha chuo mwaka ule baba yenu alipotutoka, akashika usukani wa lori, na hajawahi kukudai hata siku moja. Au labda anadai kwa kununa, hilo nakubali, kununa anajua kweli kweli, ametoa kwa babu yenu. Lakini ada ya mwaka wako wa pili unadhani ilitoka kwenye mshahara wangu wa kuwaogesha wazee? Na kama mimi ndiye niliyekuwa nikikuambia "mwangalie mwenzako" na yeye nikimwambia "muige mdogo wako", basi hayo tutaongea ana kwa ana, siyo ya leo. Mpigie.

Wala usifikiri nawapamba wale wazungu. Huyo John kuanzia 1853 alikuwa rais wa kile chama cha kuwapeleka watu weusi Liberia, tena kwa miaka na miaka, watu waliozaliwa hapa hapa Maryland wanaambiwa kwenu ni ng'ambo. Mimi nimekuja na miguu yangu na visa yangu, hilo nikilisikia linanichoma, na wale wa makumbusho walilipita haraka haraka. Ila kwa mdogo wake alikuwa kaka, hapo simnyang'anyi haki yake.

Na makaratasi ya ukoo wao mpaka leo yapo, yametunzwa kwenye jumba la historia ya Maryland pale Monument Street, maboksi kwa maboksi. Sisi wajukuu wetu watakuta nini, vile vidole gumba vya WhatsApp mnavyorushiana kwenye grupu la familia? Watu wale mmoja akiwa porini anapima njia, habari yake ilikuwa karatasi na wino, mpaka 1844 Morse alipopitisha waya wake wa telegrafu kando ya reli hiyo hiyo kutoka Washington kuja Baltimore. Wewe una simu mfukoni, tena umeniambia kifurushi chako hakiishi.

Sasa ya nyumbani. Ile hita ya chini imekufa tena. Unajua huyo huyo John Latrobe ndiye aliyebuni lile jiko la kuchomeka kwenye meko ya ukutani, linapasha chumba cha chini na joto linapanda mpaka cha juu, nyumba zetu hizi za kushikana kuta zilikuwa zimejaa jiko la Latrobe, na mimi nasema bora wangetuachia. Basi nani unadhani alikuja usiku, ametoka safari ya Pennsylvania hata hajala, akalala chini ya hita na tochi mdomoni? Alikuja na mwanawe, mtoto kajilaza kwenye kochi ananiuliza, "Bibi, baba mdogo anaondoka lini?" Nikamwambia Jumapili. Baba yake akasikia. Hakuuliza ndege ya saa ngapi, hakugeuka, ila skrubu ile moja aliyokuwa anaifungua aliifungua mpaka nikafikiri ameilalia.

Anasema kitu cha kuwashia ndicho kimeungua na kipya kitakuja wiki ijayo, kwa hiyo blanketi lile nene usilifungashe, nalitumia.

Koti la Omaha nunua huko huko, ya hapa hayatoshi, yule mama wa Kenya ninayefanya naye kazi mwanawe yuko Nebraska anasema upepo wa kule hauna adabu. Mchele nimekuwekea kidogo tu manake mzigo utazidi, achari ya ndimu nimeifunga mifuko mitatu, ikimwagika kwenye mashati usinipigie. Mwezi wa kwanza usinitumie hela, lipa deni la chuo. Usikopeshe mtu uliyemjua wiki mbili. Swala usiache, na ukiwa relini usisimame katikati ya njia unaongea na simu, najua wewe ni injinia lakini treni haijui. Bosi akikupa kazi ya kukaa porini wiki nzima, kubali, ila niambie unakwenda wapi na wapi, nisibaki nauliza hewa. Kazini kwangu nimewaambia wote kwamba mwanangu anakwenda kukagua madaraja ya reli, yule bibi wa chumba cha mwisho kila asubuhi ananiuliza umeshafika Omaha, namwambia bado, bado ana mtu wa kumpigia.

Umempigia?

Kama hujampigia, anatoka kazini saa mbili usiku, Ijumaa na Jumamosi yuko nyumbani. Usianze na Idd. Muulize habari za hita, au habari za mtoto, lori lake lile jipya, chochote, yeye ni mtu wa kuanzia mbali. Akikata, piga tena. Shemeji yako yuko upande wako kuliko unavyofikiri, lakini mimi sijakuambia.

Gari lako limepata karatasi ya faini tena mtaani hapa, nimeiweka juu ya mikrowevu, uilipe kabla hujaondoka, au uniandikie jinsi ya kulipa kwenye intaneti, lakini mara ya mwisho nililipa ya mtu mwingine.

Na hiyo Uber uliyosema utaita Jumapili, usiite. Nimeshaongea na kaka yako, atakuja na gari saa kumi na moja alfajiri kukupeleka uwanja wa ndege wa BWI, mimi nitakaa nyuma na mizigo, wewe utakaa mbele.

Mama yako