Barua ya wazi kwa mawakili vijana wa Dar es Salaam: tuacheni na "mtu wangu pale"

Wadogo zangu mawakili,

Shikamoo zenu za pale Mahakama Kuu, Kivukoni, nimezipokea zote. Marahaba. Sasa nisikilizeni, maana nimekasirika na sitaki kujifanya sijakasirika.

Mzee mmoja anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo, aliletewa barua ya makadirio ya kodi. Akafanya kama mlivyokuwa mkiwahimiza watu kila siku: akatafuta wakili. Si kishoka, la. Wakili wa kweli, aliyeapishwa mbele ya Jaji Mkuu, mwenye joho na muhuri. Wakili akaipiga picha ile barua kwa simu, akasema, "Mzee, wewe lala usingizi. Nina mtu wangu pale." Wiki ya kwanza mtu wake alikuwa safarini. Ya pili yuko kikaoni. Ya tatu ikaombwa "ya kulainisha", mzee akatoa. Pingamizi? Hakuna aliyeandika hata mstari. Siku zikapita, na badala ya kujibiwa na huyo mtu, mzee akapigiwa na benki yake kuambiwa TRA, Mamlaka ya Mapato, imeagiza fedha za akaunti zilipwe kwao.

Nimeyasoma makadirio yale. Yalikuwa yanabishika! Mkopo wa benki ulioingia kwenye akaunti ulihesabiwa kama mauzo. Mkataba wa mkopo upo, ratiba ya marejesho ipo, na mwanasheria wa mwaka wa kwanza angeiona hoja hiyo.

Kwani sheria inasemaje? Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 haina mafumbo hapa. Usipokubaliana na uamuzi wa kodi, unampelekea Kamishna Mkuu wa TRA pingamizi la maandishi lenye sababu zako, ndani ya siku 30 tangu uamuzi ukufikie. Ndani ya siku hizohizo mteja analipa kodi asiyoibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, ile iliyo kubwa zaidi. Asipolipa, pingamizi halipokelewi. Hana uwezo wa theluthi? Unamwomba Kamishna Mkuu aipunguze au aisamehe, kwa sababu za msingi, na unaomba mapema, si siku ya 29 jioni unapohangaika na printa. Alikuwa mgonjwa, au alikuwa Guangzhou, China, akifunga mzigo? Lipo ombi la kuongezewa muda. Yote hayo ni maandishi. Kifungu cha kuongea na mtu nimekitafuta, sijakiona.

Wala sisemi msizungumze na maofisa wa kodi. Zungumzeni sana! Mimi nusu ya migogoro yangu imeishia kwenye meza, bila hata kufika kwenye rufani. Lakini unazungumza huku mkononi una nakala ya pingamizi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Sheria yenyewe imeyapa mazungumzo hayo nafasi: Kamishna Mkuu akikujibu kwamba anakusudia kulikataa pingamizi lako au kulikubali kwa sehemu tu, unapewa siku 30 nyingine za kueleza upande wako. Hapo ndipo ufundi wa wakili unapoonekana. Hiyo ya kulainisha mnaijua jina lake, na akikamatwa mtoaji hatasimama kizimbani peke yake.

Najua hamkuizua nyie. Jiji hili lote linaendeshwa na "mtu wangu": kiwanja mtu wangu, leseni mtu wangu, nafasi ya mtoto shuleni mtu wangu. Mei 2023 Kariakoo ilifunga maduka mpaka Waziri Mkuu Majaliwa akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza wafanyabiashara. Juni 2024 wakafunga tena. Kulikuwa na malalamiko ya kweli pale. Mlipakodi akiiogopa ofisi ya kodi kuliko anavyoogopa deni lenyewe, atakimbilia dalali, na Serikali ibebe sehemu yake ya lawama. Ila na nyie wafanyabiashara mnaosoma barua isiyo yenu, ngojeni: unauza mzigo bila risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, vitabu vya hesabu huna, halafu unataka wakili afanye muujiza?

Maana kwenye kesi ya kodi anayetakiwa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi au yamekosewa ni mlipakodi mwenyewe. Kumbukumbu zinatakiwa kutunzwa angalau miaka 5. Kwa hiyo, wadogo zangu, kazi hii inaanzia kwenye maboksi ya stoo yenye vumbi, ukiwa umekaa na mhasibu wa mteja, mnapita muamala mmoja baada ya mwingine. Ni kazi ya kuchosha na haina picha nzuri ya kuweka Instagram. Niliipenda tangu mwanzo na bado naipenda. Atakayeivumilia atakuwa wakili mzuri, nawaambia kwa upendo kabisa.

Kampuni kubwa haziuziwi "mtu". Mwaka 2017 Acacia, kampuni ya kuchimba dhahabu, ilidaiwa kodi, riba na adhabu zilizofika karibu dola bilioni 190. Mwisho wake Barrick, mmiliki wake mkuu, na Serikali walikaa mezani, wakatia saini: dola milioni 300 za kumaliza madai, na kampuni ya pamoja ya Twiga ambayo Serikali ina asilimia 16. Kila kitu kikaandikwa. Muuza vitenge kwa nini yeye apewe ahadi ya simu?

Mengine nayapitia haraka. Ukienda rufani ni Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani, ambako unasikilizwa kwenye hoja za kisheria tu. Ukweli wa hesabu umalize huku chini. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu unaweza kukataliwa kuwa ushahidi, hata ukiwa mbele ya Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu na hoja zako ni nzuri. Kifungu cha usuluhishi msikinakili kutoka mkataba wa zamani bila kusoma. Hukumu zipo bure kwenye tovuti ya TanzLII. Usitaje kesi ambayo hujaifungua. Ada iandikwe kabla ya kazi kuanza.

Na mteja aandikiwe kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 sheria imekitambua kuwa lugha ya mahakama, lakini ofisi zetu za pale Posta, katikati ya jiji, bado zinamtumia mzee wa Kariakoo maoni ya Kiingereza ya kurasa kumi na mbili. Ukurasa mmoja unamtosha: anadaiwa kiasi gani, barua ilimfikia lini, siku ya mwisho ya pingamizi ni ipi, theluthi ni shilingi ngapi, na wewe unaonaje nafasi ya kushinda. Aisome mbele yako, aulize maswali yake yote, asaini nakala, na nakala hiyo ikae juu kabisa ndani ya faili.