Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kumbukumbu za Mto Thames na Watu Wake

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati yenu imefanya kazi moja kubwa, nayo ni kuwasikiliza wazee waliofanya kazi mtoni. Mengine yote, pamoja na hesabu ambazo mhazini atawasomea na ambazo hazina la kushtua, yamekuja baada ya hiyo. Sababu ni umri. Royal Docks, za mwisho miongoni mwa bandari kubwa za ndani ya London, zilifungwa kwa meli za mizigo mwaka 1981. Kijana aliyeandikishwa kuwa mwanagenzi wa matishari, yaani mashua bapa za mizigo, mwaka 1960 akiwa na miaka 16, leo amevuka 80. Ghala la matofali litatungoja. Mzee huyo hatungoji.

Watu wakiwaza bandari ya zamani huona meli na winchi. Lakini sehemu kubwa ya mzigo wa London haikugusa gati ya bandari hata kidogo. Ilishushwa ubavuni mwa meli, ikaingia kwenye tishari, ikapelekwa hadi maghala yaliyojipanga kando ya mto. Sheria ya mwaka 1799 iliyoruhusu kujengwa kwa West India Docks iliyaachia matishari haki ya kuingia na kutoka bandarini bila kulipa ushuru, na wenye bandari wakaijutia haki hiyo kwa zaidi ya karne nzima. Ndiyo maana mto ulijaa matishari, na ndiyo maana kulikuwa na maelfu ya watu wenye ujuzi ambao hauko kwenye kitabu chochote.

Ujuzi wenyewe ulikuwa hivi. Tishari halikuwa na injini. Lilikwenda kwa maji kujaa na kupwa, na wakati wa bamvua tofauti ya maji pale London Bridge hufika karibu mita 7. Mtu mmoja au wawili, wakiwa na makasia marefu tu, walilipitisha chombo cha makumi ya tani katikati ya nguzo za madaraja, wakijua ni wapi maji yatawasukuma na ni wapi yatawageuza. Mwanagenzi alijifunza kwa miaka mingi chini ya bwana wake kabla ya kupewa uhuru wa kufanya kazi peke yake. Chama chao cha ufundi kina vitabu vya kuandikisha wanagenzi tangu mwaka 1688, kwa hiyo majina tunayo. Tunachokosa ni kile ambacho mikono ya wenye majina hayo ilikijua.

Katika kurekodi tumegundua kwamba swali la "tueleze maisha yako" huzaa majibu makavu. Mtu huanza kusimulia kama anatoa ushahidi polisi. Ukimwekea mezani ramani ya mto na jedwali la maji kujaa na kupwa, ukamwomba akupeleke kutoka Tilbury hadi Brentford bila kugonga kitu, basi huna haja ya kuuliza tena. Anakuambia ni gati gani ilinuka ngozi, ni nahodha gani wa boti ya kuvuta alikuwa mkali, na ni wapi ulijificha mvua ikinyesha. Naomba wanaosaidia kurekodi waendelee kwa njia hii, hata kama inachukua alasiri nzima.

Kuna wanachama wanaouliza kwa nini tusinunue tishari kuukuu tulifufue. Wazo hilo lilijadiliwa kwenye kamati kwa sauti za juu kidogo, na sitaficha msimamo wangu: silikubali, walau kwa sasa. Chombo cha chuma kinachokaa kwenye matope hula pesa kila mwaka, na anayetaka kuona matishari yakiendeshwa kwa makasia anaweza kwenda kutazama mashindano yanayofanyika kila mwaka kati ya Greenwich na Westminster. Yapo tangu mwaka 1975, na wanaoshiriki wanajua wanachokifanya. Tukimaliza kuwasikiliza wazee, tutarudi kwenye hoja ya chuma.

Jambo lililonigusa zaidi mwaka huu linahusu tunayemhesabu kuwa mwenye mto huu. Pale St Katharine Docks, zilizofunguliwa mwaka 1828, bado limesimama jengo liitwalo Ivory House. Lilikuwa ghala la pembe za ndovu. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe, na zilizopita pale zilitawanyika kwenda Bombay, Marekani na London. Kwa sisi wenye asili ya pwani ya Afrika Mashariki, lile si jengo la kupigia picha tu. Pembe iliyopimwa pale huenda ilibebwa begani kutoka Ujiji, kupitia Tabora, hadi Bagamoyo. Kuli wa London aliyeipokea na mpagazi aliyeileta pwani walishika mzigo mmoja, na hakuna kati yao aliyejua jina la mwenzake. West India Docks nazo, zilizofunguliwa mwaka 1802, zilijengwa kwa ajili ya sukari ya mashamba ya watumwa; sanamu ya Robert Milligan, mfanyabiashara aliyekuwa mbele katika mradi huo na aliyemiliki watumwa, iliondolewa mahali pake Juni 2020. Wapo waliosema chama chetu kisiingie kwenye habari hizo kwa kuwa ni siasa. Mimi naona ni habari za mzigo, na mzigo ndio uliotuleta hapa.

Upande wa wanawake tuko nyuma. Kumbukumbu za mgomo wa makuli wa bandari wa mwaka 1889, wa kudai peni sita kwa saa, zimejaa wanaume waliosimama getini asubuhi wakingoja kuchaguliwa. Utaratibu huo wa vibarua ulidumu kwa namna mbalimbali hadi mwaka 1967. Nani alipika siku ambazo mume hakuchaguliwa? Nani alifanya kazi kwenye viwanda vya sukari vya Silvertown, mashariki mwa London, au kufunga chai kwenye maghala? Mabinti wa wanawake hao wako hai, na baadhi yao wako humu ukumbini.

Msisahau pia kwamba mto haujastaafu. Taka za jiji bado zinasafiri kwa matishari kuelekea kituo cha kuchomea taka cha Belvedere, kokoto na mchanga bado vinashushwa, na udongo mwingi uliochimbwa kwenye handaki jipya la maji taka la kilomita 25 ulibebwa kwa maji badala ya malori. Gati zilizolindwa kisheria zisigeuzwe kuwa maghorofa ni urithi vilevile, na tumeanza kuwarekodi vijana wanaofanya kazi humo sasa hivi, wangali na kumbukumbu mbichi.

Kwa wanaopenda kutafuta vitu vya kale ufukweni maji yakipwa: kibali cha mamlaka ya bandari ni lazima, hata kama unatafuta kwa macho tu bila kuchimba. Chama hakitamtetea anayekamatwa bila kibali.

Mwisho ni maombi ya kawaida. Ukileta picha, andika nyuma kwa penseli laini majina ya waliomo na mahali, hata kama unadhani kila mtu anawajua. Usiandike kwa kalamu ya wino, hupenya. Wanaorekodiwa watapewa fomu ya idhini na wana haki ya kuzuia sehemu yoyote isisikike hadi watakapofariki. Tafadhali waelezeni hivyo kabla ya kuwasha kinasa sauti. Nafasi ya katibu wa nyaraka iko wazi, na majina yapokelewe kabla ya chai.